Mchukueni, Ni Wenu

Wapo watu walioponzwa na tamaa, na wapo walioponzwa na hasira. Bibi aliponzwa na utani wake mwenyewe, tena kwenye simu, tena mbele ya mashahidi, kinywani akiwa na kipande cha mkate.

Mumewe, mwanamaji mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee, alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo, usingizini, bila kumsumbua mtu. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa pole. Simu ikalia. Sauti ya kijana mwenye adabu ikajitambulisha: afisa kutoka makao makuu ya jeshi la majini. Akatoa pole ndefu, kisha akasema jeshi lingependa kumpumzisha mzee wao pamoja na wenzake, katika makaburi ya wanamaji, kwa heshima zote. Je, mama alikuwa na maoni gani?

Mama hakuwa na maoni. Alikuwa na mkate mdomoni na machozi ambayo hayajajua pa kutokea. Mdomo wake ukajisemea wenyewe maneno uliyoyazoea.

"Huyo ni wenu tangu zamani, baba. Mimi niliazima tu. Mchukueni."

Akacheka. Afisa hakucheka. Alisema kwa unyenyekevu kwamba tangu aanze kazi ile hajapata kukutana na mjane mwenye moyo mkubwa namna hiyo. Akashukuru, akakata simu. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Kabla jua halijafika utosini, kaburi lilikuwa limeshachaguliwa na wapiga tarumbeta wameshaambiwa wajiandae.

Utani wenyewe ulikuwa na umri mkubwa kuliko watoto wake wote wawili. Ulizaliwa siku gari la jeshi lilipokuja kumchukua Mzee kwa mara ya kwanza baada ya ndoa, wakati Bibi hata rangi ya kucha za harusi haijambanduka. Dereva alimwona bibi harusi amesimama mlangoni, akaona haya hata kupiga honi. Bibi, ili kumtoa haya yule kijana wa watu, akamwambia: "Mchukueni, ni wenu. Mimi niliazima tu." Dereva akacheka, mume akacheka, gari likaondoka. Tangu hapo ikawa desturi. Madereva walibadilika, magari yalibadilika, utani ukabaki uleule. Wake wa wanamaji wengine walilia mpaka wakashikwa mikono. Bibi alijulikana hadi kambini kama mke mwepesi wa moyo, asiye na matatizo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye alisifiwa, akazidisha.

Wala haukuwa utani wake pekee. Alikuwa fundi cherehani aliyewashonea watu nguo za kuwakaa vizuri huku yeye akivaa gauni lenye pindo lililopanda upande mmoja, na aliwahi kulisema hilo kabla mtu hajaliona. Mapaja yake, goti lake bovu, mkono wake usiojua kupika wali usiungue: vyote alivitangulia kuvicheka. Aliona ni akili. Ukijicheka wewe kwanza, wengine wanakuta chungu kitupu.

Sasa chungu kilikuwa kimempasukia mikononi.

"Mama, hii ni heshima ambayo familia nyingi zinaililia," alisema mwanawe mkubwa. Huyo alikuwa kifungua mimba, mwalimu mkuu wa shule, mtu aliyezungumza siku zote kana kwamba kuna wanafunzi wamekaa mwisho wa chumba hawasikii. "Gwaride, bendera, tarumbeta, risasi za heshima! Tena ndani ya kambi, mahali pasafi, panapolindwa."

"Panalindwa wasitoke?" aliuliza Bibi.

Watu wakacheka. Kifungua mimba naye akacheka kwa adabu, akaendelea kueleza. Makaburi yako ndani ya kambi, mwendo wa nusu siku kwa basi. Ni ya wanajeshi peke yao.

"Na mimi mtanizika wapi?"

"Mama jamani, wewe bado upo."

"Leo nipo. Baadaye je?"

"Makaburi ya mji, Mama. Kule hawaziki raia."

Ndipo Bibi akaelewa alichokifanya kwa kipande cha mkate. Alitaka kusema, jamani, nimekosea, nirudishieni mtu wangu. Kilichotoka ni hiki: "Basi waulizeni kama bado wanaandikisha. Mwambieni afisa kuna mpiga cherehani, goti moja bovu, lakini anajua kutii amri."

Sebule nzima ikavunjika mbavu. Mkwe wake alifuta machozi kwa upindo wa khanga. Jirani mmoja akasema, "Bibi hata leo! Mungu amempa moyo." Bibi akacheka pamoja nao, maana ukianzisha wimbo huwezi kuuacha katikati. Moyoni alijiita mpumbavu wa kwanza wa mtaa, na wa pili alipomtafuta hakumpata.

Mchana wake kifungua mimba alikaa mezani kuandaa wasifu wa marehemu. Pembeni alikaa dada yake, kitinda mimba, msusi wa nywele mwenye saluni yake karibu na stendi. Bibi alikuwa kwenye kiti cha cherehani, kiti pekee ambacho mgongo wake ulikubaliana nacho.

"'Marehemu alijiunga na jeshi la majini kutokana na mapenzi yake makubwa kwa bahari,'" alisoma kifungua mimba.

"Alijiunga kwa sababu ya viatu," alisema Bibi. "Walikuwa wanagawa pea mbili. Bahari alikuwa hajawahi kuiona. Walipomuuliza kama anajua kuogelea alisema ndiyo, akahesabu na ndoo ya bafuni."

"Mama, hilo hatuwezi kulisoma mbele ya makamanda."

"Basi soma mapenzi. Siku ya kwanza melini mapenzi yalimtapisha mpaka akaomba ateremshwe."

Kitinda mimba alijifunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika. Na ilikuwa kweli tupu, Mzee mwenyewe aliisimulia kila alipopata msikilizaji. Walikuwa wamefanana kwa hilo, yeye na mkewe. Nyumba ile ilikuwa na wachekeshaji wawili na kila mmoja alijichagua mwenyewe kuwa kichekesho.

Hata walivyokutana ilikuwa aibu ya pande mbili. Yeye, fundi msichana katika duka la mwenye cherehani tatu. Kijana akaingia kwa sare nyeupe pe, mkunjo wa suruali umenyooka, kofia kwapani. Alikuwa amejishika nyuma. Suruali ilikuwa imepasuka alipokuwa akiruka kutoka kwenye boti kwenda gatini, mbele ya kikosi kizima. Bibi aliishona akiwa amesimama nyuma ya pazia, mwenye suruali akisubiri upande wa pili amejifunga kitambaa cha mteja mwingine. Aliipenda ile sare. Aliipenda hasa pasi yake. Akajiona ataolewa na weupe ule, ataishi na weupe ule, atazaa watoto weupe wa roho. Kumbe kijana alikuwa fundi mitambo, kazi yake chini kabisa ya meli, kwenye mashine. Sare nyeupe aliivaa siku za gwaride. Siku nyingine zote alirudi na ovaroli lenye grisi ambalo hata sabuni ililiogopa. Alipenda pasi, akaolewa na grisi. Ndivyo alivyowaambia wateja wake maisha yake yote, na wateja walirudi kwa ajili ya kusikia tena.

"Tuandike kuhusu nishani," alisema kifungua mimba.

Hapo Bibi alinyamaza, kwa sababu nishani haikuwa na utani. Meli ilikuwa inarudi kutoka kutafuta wavuvi waliopotea, bahari imechafuka, mashine zikazima na maji yakaanza kuingia chini. Mzee alishuka peke yake, maji kiunoni, gizani, akazipapasa mashine kwa vidole mpaka moja ikawaka. Watu wote melini walifika nyumbani, na wavuvi pia. Yeye alipoteza usikivu wa sikio la kulia kwa mlio wa mashine ile. Aliulizwa na waandishi wa habari nini kilimpa ujasiri, akajibu alikuwa ameshuka kutafuta kiatu.

"Andika hilo lote," alisema Bibi. "Hata la kiatu."

"Na andika alivyonisuka," alisema kitinda mimba.

Hiyo nayo haikuwa na haja ya kukumbushwa. Mzee alirudi likizo akamkuta binti yake wa darasa la kwanza ana nywele timtim, mama yake amezidiwa na sare za shule za watu. Akasema, mimi nitamsuka, kamba nimezishika maisha yangu yote. Alisuka kutwa nzima, akipiga mafundo ya mabaharia, yale yasiyofunguka hata meli ivutwe na dhoruba. Kweli hayakufunguka. Ilibidi mtoto anyolewe kipara, na Mzee kwa kuona haya akanyoa chake pia, wakaenda shuleni wameshikana mikono, vichwa viwili vinang'aa. Kitinda mimba aliwahi kusema ndiyo sababu alikuwa msusi: asipatikane baba mwingine wa kuharibu watoto. Sasa aliposema, sauti ilimkatika njiani. Bibi alimtazama binti yake, akaona, huyu nikimwambia atanielewa.

"Mwanangu," alianza, "kule kambini, sijui..."

"Nini, Mama?"

"Sijui kama watamvumilia. Anakoroma."

Binti akacheka huku analia. Bibi angeweza kujipiga kofi.

Siku iliyofuata alifika mpishi. Mpishi huyu alikaa melini na Mzee ujana wote, na mabaharia walimwita Kijiko kwa sababu hakukitoa kijiko mfukoni hata siku za gwaride. Alikuwa amechakaa, fimbo mkononi, koti la jeshi limebaki kubwa kuliko mwenyewe. Alimshika Bibi mikono yote miwili, akakaa, akanywa chai, ndipo akatoa habari iliyomleta.

"Shemeji, nimefurahi ulivyokubali. Nilikwishaandikishwa nafasi yangu kule zamani. Nimewapigia simu, wamempa ya jirani. Tutakuwa bega kwa bega." Macho yake ya uzee yalikuwa yanang'aa. "Mimi sina mtu mwingine, unajua."

Bibi alijua. Mke wa Kijiko aliondoka zamani, akasema hawezi kuolewa na bango la 'nitarudi'. Sasa mambo yalikuwa mazuri zaidi: ili kumrudisha mumewe, ilibidi kwanza amnyang'anye mzee wa watu asiye na kitu. Akamwongeza chai.

Afisa alikuja alasiri. Bibi alipomwona anaingia na sare nyeupe, mkunjo wa suruali umesimama sawasawa, moyo wake wa kijinga ukaruka kama siku ile dukani. Alijikemea. Umri huu, mama, bado unadanganywa na pasi!

Kijana alikaa ukingoni mwa kiti, akaeleza taratibu zote: saa ya kuondoka, basi la familia, gwaride, tarumbeta, namna bendera itakavyokunjwa na kukabidhiwa mjane. Kifungua mimba aliitikia kwa kichwa kila neno.

"Na nikitaka kumtembelea?" aliuliza Bibi.

"Unatoa taarifa, Mama. Tunakupangia siku, langoni wanakuwa na jina lako."

Kumbe ilikuwa kama zamani. Kukaa, kusubiri, kupangiwa siku.

"Simtoi," alisema Bibi.

Kicheko kikalipuka. "Mama naye!" alisema kifungua mimba, akimgeukia afisa kama kumwomba radhi. Kijiko alicheka mpaka akakohoa. Hata afisa alitabasamu, bila shaka alikuwa ameonywa kuhusu mjane huyu.

Kwa kawaida hapo ndipo Bibi angetupia la pili, kukolezea. Safari hii aliiweka mikono mapajani akangoja. Kicheko kilikaa kidogo, kikaanza kupungua, kikawatoka mmoja mmoja. Kitinda mimba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha.

"Sitanii," alisema Bibi. "Nataka azikwe hapa mjini, mahali ninapoweza kufika kwa goti hili hili. Nami nikifa mniweke pembeni yake."

"Lakini Mama," alisema kifungua mimba, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chumba kidogo, "ulisema mwenyewe. Ulisema wamchukue. Tulikusikia wote."

"Nilisema. Nilisema kila gari lilipokuja, tangu hujazaliwa, na kila mara nilikuwa naongopa. Nyie mlikuwa mnarudi kucheza. Mimi naingia chumbani, nakanyaga cherehani haina hata uzi, msisikie ninavyolia."

Kitinda mimba alimtazama mama yake. "Nilidhani una kazi nyingi."

"Kazi zilikuwapo. Siku za gari sikuzigusa."

Kifungua mimba alisimama, akakaa tena. "Baba alistahili lile tarumbeta, Mama. Alistahili. Yeye mwenyewe alitaka nini?"

Hilo ndilo swali Bibi alilokuwa akiliogopa. Mzee alijaribu kulisema zaidi ya mara moja. Kila alipoanza, "Mama watoto, mimi nikifa," Bibi alimdakia: "Ukifa bomba la jikoni ataziba nani? Kunywa chai yako." Naye alikunywa.

"Sijui," alisema. "Sikumwacha amalize. Labda angetaka kule kwa wenzake, na kama ni hivyo, nikifika nitamwomba radhi. Najua ninachotaka mimi tu. Nyie mlimpata kwa likizo, na mimi nilimpata kwa likizo. Alipostaafu nikasema sasa ni wangu, nikakuta nimepewa mwenye sikio moja. Sijamaliza kuongea naye, mwanangu. Tarumbeta litapigwa mara moja, wapigaji wataenda kula. Mimi nitabaki."

Afisa alikuwa ameivua kofia yake, ameishika kwa mikono miwili. Alieleza, kwa upole, kwamba heshima kamili hutolewa kwenye makaburi ya jeshi tu. Nje ya hapo angeweza kuleta bendera, basi. Gwaride hakuna, tarumbeta hakuna. Uamuzi ulikuwa wa mjane, ila aliuhitaji leo.

"Nimeshakupa," alisema Bibi. "Na nisamehe kwa ile simu. Nilikuwa natafuna."

Ilipokwisha kusemwa hivyo, Kijiko aliinamia fimbo yake. "Na mimi kule nitaongea na nani?" aliuliza, na hakumuuliza mtu yeyote hasa.

Bibi alimhurumia kwa huruma ya kweli, na huruma yake haikujua njia nyingine ya kutokea. "Hama nawe, shemeji. Tutakutafutia nafasi upande wa miguuni. Si ulizoea kuleta chakula na kuondoka?"

Watu walisita. Hawakujua tena ni lini wacheke. Kijiko mwenyewe ndiye aliyeanza, taratibu, huku anapangusa pua kwa kitambaa.

Walimzika Mzee kwenye makaburi ya mji, nyuma ya karakana ya magari, mahali ambapo hata siku ya mazishi ulisikia mtu akigonga bati. Afisa alileta bendera, akaikunja peke yake, na kwa kuwa kulikuwa na upepo na hakukuwa na wa kushika upande wa pili, kitinda mimba alimsaidia. Kijiko alisimama wima mpaka mwisho, amekataa kiti. Kifungua mimba alisoma wasifu kwa sauti yake ya shule. Tangu siku ile ya afisa alikuwa hajabishana na mama yake, lakini pia hakuwa ameongea naye ila la lazima, na Bibi alijua anaisikia ile nafasi ya tarumbeta, kimya kilichobaki pale ambapo lingepigwa. Naye aliisikia. Alijiona mwizi, mwizi wa mumewe mwenyewe, na hakujuta.

Watu walipoanza kutawanyika, mchimba kaburi alimsogelea na nyundo na kigingi. "Bibi, nimeambiwa tuache nafasi hapa pembeni. Tuache kubwa kiasi gani?"

Waliokuwa karibu walisimama, maana swali lilikuwa limekuja limepikwa. Mapaja yake, upana wake, vitambaa ambavyo havikumtosha kamwe: majibu yote yalikuwa tayari ulimini. Bibi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akasimama pale mdomo wazi, mbele ya watu, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, na hakutafuta pa kuyaficha.

Kifungua mimba alimpita mama yake. Alichukua kigingi mkononi mwa yule mchimba, akapatazama mahali kilipopangiwa, akachutama na suti yake kwenye udongo mbichi.

"Hapo ni mbali," alimwambia. "Sogeza huku."